MAJI YA BOMBA YA SULTANI BARGHASH



Jioni moja ya muhula huu, saa ya kujisomea, nilikuwa zamu kama kapita wa shule. Mdogo mmoja wa mwaka wa kwanza akainua mkono, akaniuliza: « Yaya, juu ya nini sisi huku tunasema Kiswahili, na bahari iko mbali vile? » Nikamjibu haraka haraka: « Waarabu na Wangwana walikileta. » Akatulia kidogo, halafu akauliza tena: « Kama walifika mpaka huku, serikali yao ilienda wapi? »

Hapo nikakosa jibu. Nikamwambia anyamaze, asome, maana ndiyo kazi ya kapita. Lakini swali lile lilinifuata mpaka kitandani. Kesho yake nikaenda kwa mwalimu wetu wa historia, akaniazima vitabu, na haya ninayoandika ni jibu langu kwa yule mdogo. Jibu ni refu kuliko swali, anisamehe.

Tuanze mbali kidogo. Sisi wa madarasa ya juu tulifundishwa juu ya dola ya Waturuki, ile ya Istambul. Ilikuwa dola ya Waislamu, lakini ndani yake waliishi watu wa kila namna: Waturuki, Waarabu, Wagiriki, Waarmenia, Wabulgaria, Wayahudi, Wakurdi. Karne ya 19 dola hiyo ilikuwa inashindwa vita na kupoteza nchi moja nyuma ya nyingine. Basi tarehe 3 Novemba 1839 Sultani Abdülmecid akatangaza matengenezo makubwa: uhai na mali ya kila mtu vilindwe, kodi ikusanywe kwa mpango, askari waandikishwe kwa sheria. Mwaka 1856 akaongeza: Mkristo na Myahudi wawe sawa na Mwislamu mbele ya serikali. Kazi yote ile waliiita Tanzimat, maana yake kuweka mambo kwa mpango. Neno hilo limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa neno « nidhamu ». Kumbe neno ninalowapigia kelele kila asubuhi kwenye mstari lina ndugu zake Istambul!

Matengenezo yale yalileta shule, sheria mpya, telegrafu, na mwaka 1876 katiba. Lakini tangu 1854 walikopa pesa Ulaya. Mwaka 1875 wakashindwa kulipa, na mwaka 1881 ofisi ya wadai wa kigeni ikawekwa palepale Istambul kukusanya sehemu ya kodi za nchi. Shikeni jambo hili, tutalirudia.

Sasa tuje upande wetu wa Afrika. Unguja nako kulikuwa na dola ya Kiislamu, ndogo, lakini yenye makabila mengi kama ile ya Waturuki. Watawala walikuwa Waarabu wa Oman, wa madhehebu ya Ibadhi. Wenyeji walikuwa Wahadimu, Watumbatu na Waswahili wa pwani, wengi wao Sunni. Pesa ilikuwa mikononi mwa Wahindi, wengine Banyani, wengine Waislamu wa Khoja na Bohora. Askari walikuwa Wabaluchi na watu wa Hadhramauti. Wangazija nao walikuwako. Na chini ya wote walikuwa watumwa wa kutoka bara, wale walilima karafuu: Wayao, Wanyasa, Wazaramo, hata Wamanyema wa nchi yetu hii ya Kongo. Mwaka 1861 Unguja ilitengwa na Oman kwa uamuzi wa Waingereza wa India, ikawa dola peke yake.

Barghash bin Said alitawala Unguja tangu Oktoba 1870 mpaka Machi 1888. Mbele ya kutawala alikuwa mtu wa fujo. Mwaka 1859 alitaka kumpindua ndugu yake Majid. Dada yao Salme, yule nyuma aliolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, ndiye aliyemwandikia barua za siri. Fujo ile ilishindwa kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Nafikiri Waingereza walidhani wanampa adhabu. Kumbe walimpeleka masomoni. Kule Bombay aliona reli, barabara pana, taa, na mji mkubwa wenye mipango. Akarudi Unguja mwaka 1861 na vitu vile kichwani, akangoja zamu yake miaka tisa.

Zamu ilipofika, ilifika na mabaya. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu maelfu mjini Unguja. Aprili 1872 tufani kubwa ikang'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli za Sultani bandarini. Mwaka 1873 Uingereza ikamtuma Sir Bartle Frere kumtaka afunge biashara ya watumwa ya baharini. Barghash akakataa. Alisema mashamba yake yameanguka, watu wake watakufa njaa. Konsuli John Kirk akamwambia meli za vita zitaziba bandari. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Mahali pale pa soko Wamisionari wa Kianglikana walijenga kanisa kubwa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Noeli ya 1873. Inasimuliwa kwamba Sultani, ingawa Mwislamu mkali wa dini yake, alitoa saa ya mnara, ila kwa sharti moja: mnara usipite urefu wa nyumba yake. Mimi napenda habari hii kwa sababu inamwonyesha mtu mzima mzima, mkarimu na mwenye kiburi siku ileile moja.

Mwaka 1875 alisafiri Ulaya, akafika London na Paris, na wakati wa kurudi akapita Misri kumwona Khedive Ismail. Sasa tazameni alivyofanya nyumbani. Alileta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi ya nje ya mji mpaka ndani ya mji, na watu waliyachota bure. Sisi tunaoamka saa kumi na moja na bidoni mkononi kupanga mstari hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Katika mji uliozika watu maelfu kwa kipindupindu, bomba lile lilikuwa kubwa kuliko jumba lolote. Tena alinunua meli za mvuke kwenda mpaka Bombay. Akaleta mtambo wa kupiga chapa vitabu vya dini na sheria ya Kiibadhi. Mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari ukafika kutoka Aden. Mwaka 1882 alitoa pesa zenye jina lake, riali za fedha na pesa ndogo za shaba. Alijenga bafu za watu wote pale Hamamni. Mwaka 1883 jumba la Beit al-Ajaib likamalizika, maana yake Nyumba ya Maajabu, ambalo hutajwa kuwa la kwanza katika Afrika ya Mashariki kuwashwa taa za umeme. Jumba lile lilisimama mpaka siku ya Noeli ya 2020, sehemu yake kubwa ikaanguka.

Na jeshi. Mwaka 1877 alimtwaa luteni mmoja wa meli ya Kiingereza, Lloyd Mathews, amfundishie askari wa namna mpya. Walianza watu 300 hivi, wengi Waafrika, wakazidi 1000 nyuma ya miaka michache, wenye sare na bunduki za kisasa. Mkumbukeni huyu Mathews.

Basi matengenezo yale si mchezo. Lakini hapa ndipo nilipojiuliza swali ambalo kitabu nilichoazima hakikuliuliza kwa nguvu: nani alilipa?

Sultani hakuwa na kodi ya watu wote. Alikuwa na forodha. Tangu zamani za baba yake, mapatano na mataifa makubwa, likianza lile la Wamarekani la 1833, yalisema bidhaa za kigeni zikiingia Unguja zitozwe asilimia 5 tu. Hakuweza kuongeza hata sumni moja. Waturuki nao walifungwa vilevile: mapatano yao na Uingereza ya 1838 yaliweka kodi ya bidhaa zinazoingia asilimia 5. Tena konsuli alikuwa na mahakama yake. Mhindi aliyeandikwa raia wa Uingereza akikosana na mtu mjini Unguja, hakuhukumiwa na kadhi wa Sultani, alikwenda kwa konsuli. Istambul ilikuwa hivyohivyo kwa raia wa kigeni. Kwa hiyo mtawala alitengeneza nyumba yake, lakini funguo mbili hakuwa nazo: ya sanduku la pesa na ya mahakama.

Na hata ile forodha hakuikusanya mwenyewe. Aliipangisha kwa tajiri wa Kihindi. Tajiri alimlipa Sultani kiasi fulani kila mwaka, halafu yeye akakusanya bandarini, na kilichozidi kikawa chake. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya nyumba ya Jairam Sewji. Mwaka 1876 ikaenda kwa Taria Topan. Ni Taria Topan huyu aliyemkopesha mali mtu ambaye wazee wetu wa Kongo hawajamsahau: Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip.

Hapa mambo yanaingia nyumbani. Bandari ile iliishi kwa karafuu na kwa pembe za ndovu. Karafuu zilitoka mashamba ya watumwa ya Unguja na Pemba. Pembe zilitoka bara, na kadiri ndovu walivyopungua karibu na pwani, misafara ilisogea ndani zaidi: Tabora, Ujiji, Manyema, Kasongo, mto Lualaba, mpaka mwisho msitu wetu wa Ituri. Pembe zilibebwa kwa mabega miezi mingi mpaka bahari, zikapanda meli, zikawa funguo za piano katika nyumba za Marekani. Kila pembe iliyopita Unguja ililipa forodha. Kwa hiyo katika yale mabomba ya maji, katika zile taa za Nyumba ya Maajabu, kuna kitu cha kwetu. Wazee wa huku walilipa.

Walipata nini? Hapa lazima niseme wazi. Mwaka 1887 Stanley alipopita msitu wa Ituri, alikuta vituo vya Wangwana: kwa Ugarrowwa, ambaye alikuwa mtu wa kutoka Unguja, na kule Ipoto, kwa watu wa Kilonga-Longa, wengi wao Wamanyema. Kuzunguka vituo vile vijiji vilikuwa vimechomwa na mashamba yameachwa. Wanawake na watoto walishikwa mpaka ndugu zao walete pembe. Hakuna bomba, hakuna kadhi wa kumshitakia Mngwana aliyechoma nyumba, hakuna shule. Mwaka 1876 Barghash alitoa amri ya kukataza misafara ya watumwa ya bara, na amri ilisomwa pwani. Msituni hakuna aliyeisoma. Waturuki angalau waliandika kwenye karatasi kwamba watu wote wa dola ni sawa, hata kama kazi ilikwenda polepole. Unguja hakuna karatasi kama hiyo. Barghash aliamua kila kitu mwenyewe barazani mwake, na mtu wa bara kwake alikuwa mpagazi, mwuza pembe, au mtumwa. Hakuwa raia.

Wengine watasema namhukumu kwa macho ya leo. Labda. Mmoja wa wenzangu wa mwaka wa sita alinipinga sana bwenini: « Wazungu waliokuja nyuma yake walifanya vizuri zaidi? » Hapana, hawakufanya. Sote tunajua habari za kaucho. Lakini ubaya wa wa pili hauwi wema wa wa kwanza, na jambo ninalotafuta hapa ni lingine: namna ile ya kutawala ndiyo iliyorahisisha kunyang'anywa.

Maana mwisho wa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akikusanya alama za watemi kwenye karatasi. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akampa hati ya ulinzi. Barghash akapeleka telegramu, akisema nchi ile ni yake. Lakini kwa ushuhuda gani? Hakuwa na wilaya zilizopangwa kule, wala watu waliomjua kuwa mtawala wao kwa kitu kingine zaidi ya njia ya misafara na vituo vichache. Kwenye mkutano wa Berlin hakualikwa. Agosti 1885 meli za vita za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, na dada yake Salme alikuja pamoja nao! Akakubali. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani wakamgawia upya dola yake: visiwa, miji michache ya kaskazini, na ukanda wa pwani wa maili 10, ni kama kilometa 16. Kirk, ambaye alikuwa rafiki na mshauri wake miaka yote ile, hakuruhusiwa na serikali yake kumwokoa.

Tippu Tip alisimulia katika habari za maisha yake kwamba alipofika Unguja akitaka msaada kwa ajili ya bara, Barghash alimwambia hana haja tena na bara. Wazungu wanataka kumtwaa hata Unguja yenyewe. Februari 1887, kwa konsuli wa Uingereza mjini Unguja, Tippu Tip akatia sahihi mapatano na Stanley, akawa liwali wa Mfalme Léopold kule Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Akakubali kuinua bendera ya Dola Huru ya Kongo. Hivi ndivyo sehemu yetu ilivyobadilisha bendera, mbali na sisi, mezani, na sisi hatukuulizwa.

Bado kuna jambo moja ambalo lilinishangaza kuliko yote. Dola ya Waturuki nayo ilifika Ituri! Misri ilikuwa kwa jina jimbo la Sultani wa Istambul, na Khedive Ismail, yule aliyemkaribisha Barghash, alikuwa mwenye matengenezo mengi: reli, shule, mfereji wa Suez uliofunguliwa 1869. Alikopa mno. Mwaka 1875 akauza hisa zake za mfereji kwa Uingereza, na mwaka 1882 Waingereza wakaishika Misri. Lakini mbele ya hapo alikwisha kutuma maofisa kufuata Nili mpaka Ziwa Albert. Liwali wa mwisho wa jimbo lile, Emin Pasha, alikuwa na vituo vya askari Tunguru na Mswa, kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa, upande wa Mahagi yetu ya leo. Khartoum ilipoanguka Januari 1885 mbele ya watu wa Mahdi, Emin akakatwa na dunia, askari wake wakabaki bila mshahara wala barua.

Tarehe 29 Aprili 1888 Stanley na Emin walikutana ukingoni mwa Ziwa Albert, upande wetu wa kusini-magharibi. Fikirini vizuri mahali pale. Kutoka kaskazini, mabaki ya matengenezo ya Misri. Kutoka mashariki, watu wa Unguja: Stanley alikuwa ameondoka na zaidi ya wapagazi 600 wa Unguja, wengi wao wakafa kwa njaa na ugonjwa msituni. Dola mbili za Kiislamu zilizotaka kuwa za kisasa zilikutana karibu na Bunia, zote mbili zikiwa zimechoka, na aliyekuwa akiongoza shughuli ni Mzungu. Barghash alikuwa amekufa mwezi mmoja tu mbele ya siku ile.

Na Mathews? Nilisema mumkumbuke. Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, na mwaka 1891 Mathews akawa waziri wa kwanza. Agosti 1896 Khalid, mwana wa Barghash, alikalia kiti cha enzi bila ruhusa ya Waingereza. Tarehe 27 meli zao zikapiga jumba kwa mizinga muda usiofika saa moja. Meli ya Sultani, Glasgow, ambayo Barghash aliinunua kwa fahari, ikazama palepale bandarini. Mathews na askari wake, lile jeshi ambalo Barghash aliliunda, walikuwa upande wa Waingereza. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria Unguja na Pemba mwaka uliofuata, 1897.

Basi, mdogo wangu, uliuliza serikali yao ilienda wapi. Jibu langu ni kwamba huku kwetu haikuwahi kufika. Zilifika bunduki, merikani na shanga, na nyuma yake lugha, ambayo wapagazi, wake zao na watoto wao waliisema njiani na kwenye vituo, na wazee wetu wakaishika wakaifanya yao. Mpaka leo wengine wanaiita Kingwana.

Anayetaka kunisahihisha, au aliye na babu anayekumbuka masimulizi ya Wangwana sehemu za msituni, anitafute nyuma ya chakula cha jioni. Saa ya kujisomea, hapana.

Kapita wa shule, mwaka wa sita